Niliyojifunza kwa kuainisha nguo za kike za pamba forodhani

Nimekuwa wakala wa forodha kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo imekwenda kwenye nguo za kike za pamba. Naandika haya kwa ajili ya wanaoanza kuagiza nguo na kwa vijana wanaoingia kwenye kazi hii, kwa sababu nimeona watu wakipoteza fedha na usingizi kwa jambo ambalo lingemalizika kabla mzigo haujapakiwa. Forodha haiainishi nguo kwa jina ililopewa na muuzaji. Huiainisha kwa jinsi ilivyotengenezwa, na hilo hulijui kwa kusoma ankara. Utalijua ukiishika nguo yenyewe.

Mfumo tunaoutumia kuipa kila bidhaa msimbo wake wa namba unaitwa Mfumo Uliowianishwa, na unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels. Mkataba wake ni wa Juni 1983 na ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu 6 za kwanza za msimbo ni zile zile kwa nchi zote zinazoufuata, na zinazofuata kila nchi hujiongezea yenyewe. Kwa hiyo muuzaji wa nchi nyingine akikutumia msimbo wa tarakimu 10, zinazoweza kukusaidia ni zile 6 za mwanzo tu, na hata hizo lazima uzikague upya. Vitambaa na nguo viko Sehemu ya 11, yaani Sura ya 50 hadi ya 63. Mavazi mengi yamegawanywa kati ya Sura ya 61 na ya 62, na Sura ya 63 ina vitu vingine vilivyoshonwa, pamoja na mitumba.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja aliyeanza uwakala enzi za mgao wa nguo. Tangu 1974 hadi mwisho wa 1994 sehemu kubwa ya biashara ya nguo duniani iliendeshwa kwa makubaliano yaliyoziruhusu nchi zinazonunua kuweka ukomo wa kiasi kwa kila aina ya nguo kutoka kila nchi inayouza, na masalia ya mgao huo yaliondolewa kwa hatua hadi yalipokwisha tarehe 1 Januari 2005. Enzi hizo, alisema, suruali ya pamba ikiandikwa kwenye aina isiyo yake, suala halikuwa kulipa zaidi tu. Mzigo mzima ungeweza kuzuiwa kwa sababu mgao wa aina hiyo umekwisha kwa mwaka huo. Alibaki na tabia ya kutogusa karatasi kabla ya kugusa nguo. Kila nilipomletea ankara na kumuuliza msimbo, jibu lake lilikuwa lile lile: "Mwanangu, jina ni la muuzaji. Wewe nitafutie nguo."

Basi tuanze na nguo. Swali la kwanza kabisa, kabla ya kuuliza kama ni gauni au sketi, ni kitambaa kimetengenezwa vipi. Sura ya 61 ni ya mavazi ya kitambaa cha vitanzi, kile cha fulana na sweta, ambacho uzi wake hujipinda na kushikana na vitanzi vya mstari wa juu na wa chini. Sura ya 62 ni ya mavazi ya vitambaa vingine, na hapo vingi ni vya mtande na mshindio, nyuzi za wima zikipishana na za ulalo kama kitambaa cha shati au cha jinzi. Ukishakosea hapa, kila kinachofuata kimekosewa, hata kama umejibu maswali yote yaliyobaki kwa usahihi.

Wengi huamua kwa kuvuta. Kikivutika wanasema ni cha vitanzi, kisipovutika wanasema si cha vitanzi. Njia hiyo si ya kuaminika, maana siku hizi kitambaa cha jinzi hutiwa spandeksi kidogo na kinavutika vizuri tu. Mimi hugeuza nguo ndani nje nikatafuta ukingo wa kitambaa kwenye mshono wa ndani, nikaangalia kwa lenzi ya kukuzia. Kitambaa cha mtande na mshindio kitachambuka nyuzi zilizonyooka, na utaziona za pande mbili zikikatana. Kitambaa cha vitanzi chepesi hujikunja ukingoni, na usoni utaona safu za alama kama herufi V ndogo zikishuka moja chini ya nyingine. Nimewahi kupokea suruali za kubana zilizochapishwa rangi, mishono ya uongo na hata vivuli vya mifuko, ukiziona kwa mbali ungeapa ni jinzi. Ankara ilisema jinzi za kike za pamba, msimbo 6204.62. Chini ya lenzi zilikuwa safu za V tupu. Mahali pake ni 6104.62: suruali ya kike ya pamba bado, ila sura nyingine na, katika nchi nyingi, kiwango kingine.

Kuna vazi moja lisilofuata mgawanyo huu, nalo huwasumbua wageni. Sidiria, ziwe za kitambaa cha vitanzi au la, zote ziko 6212. Maelezo ya Sura ya 62 yanasema hivyo waziwazi, na hakuna haja ya kubishana.

Swali la pili ni pamba. Nguo ikiandikwa pamba watu huona limekwisha, lakini sheria inapima uzito. Nguo ya mchanganyiko huhesabiwa kuwa ni ya nyuzi iliyozidi nyingine kwa uzito. Asilimia 97 pamba na 3 spandeksi ni pamba, hakuna mjadala. Gauni la mtande na mshindio lenye asilimia 50 pamba na 50 polista si la pamba. Pale ambapo hakuna iliyozidi, sheria inachukua ile iliyo mwisho kwa mpangilio wa namba, na pamba ya Sura ya 52 hutangulia, polista ya Sura ya 55 ndiyo ya mwisho. Gauni hilo linakwenda 6204.43, na nyuzi za sintetiki, si 6204.42 na pamba. Nimeshuhudia mzozo mrefu juu ya hili kati ya mwagizaji na muuzaji wake, kila mmoja akiamini nusu kwa nusu maana yake ni chagua mwenyewe.

Lililo gumu zaidi ni la nyuzi tatu. Chukua gauni lenye pamba asilimia 45, polista 30 na viskosi 25. Pamba ndiyo kubwa kuliko kila moja, na mwenye mzigo atakuonyesha lebo akisema pamba imeongoza. Lakini polista na viskosi zote ni nyuzi za kutengenezwa na binadamu, na sheria huanza kwa kutafuta sura kabla ya kutafuta kitu kimoja kimoja. Zikijumlishwa zinafika 55, zinaizidi pamba. Gauni limetoka kwenye pamba. Ndani ya kundi hilo ndipo unapouliza ipi imezidi, na polista inaishinda viskosi. Hesabu yenyewe ni ya darasa la msingi, ila usipojua mpangilio wake utaifanya kinyume kwa ujasiri kamili.

Juu ya lebo nina msimamo mkali. Siiamini mpaka niwe na sababu ya kuiamini. Nachomoa uzi kutoka mshono wa ndani, naushika kwa koleo ndogo na kuugusisha moto. Pamba huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na kubakiza majivu laini ya kijivu yanayopukutika ukiyagusa. Polista hujikunyata kwanza, huyeyuka, na ikipoa huacha kijitone kigumu usichoweza kukivunja kwa vidole. Ukipata majivu yenye chembe ngumu ndani, umepata mchanganyiko. Jaribio hili ni la kunionya mimi tu, halina uzito mbele ya ofisa. Penye shaka halisi sampuli hupelekwa maabara, ambako pamba huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki ya asilimia 75 na polista inayobaki hupimwa. Namba hiyo ndiyo itakayosimama. Mara moja moja nimeona majibu ya maabara yakitofautiana na lebo kwa asilimia chache tu, lakini chache hizo zilivuka mstari wa 50, na mstari huo ndio wote. Kwa hiyo mteja akiniambia nguo yake ni pamba 52 na polista 48, namsihi apime kabla ya kuagiza nyingi, au aongeze pamba.

Bitana kwa kawaida haiingii kwenye hesabu, wala vifungo wala uzi wa kushonea. Kinachotazamwa ni kitambaa cha nje kinacholifanya vazi liwe vazi.

Sasa nifike kwenye blauzi, maana hapa ndipo nimeona machozi. Neno blauzi dukani ni pana mno: topu yoyote ya kike huitwa hivyo. Kwenye jedwali la ushuru ni jembamba. Blauzi ya vitanzi iko 6106 na ya mtande na mshindio iko 6206, na toleo la 2022 la Mfumo liliandika maana yake: vazi la sehemu ya juu ya mwili lisilobana, linaloweza kukosa mikono, lenye au lisilo na uwazi shingoni. Kisha kuna masharti ya kulitoa. Vazi lenye mifuko chini ya kiuno haliwi blauzi. Vazi lenye mkanda wa ribu (ufumaji wa mistari unaovutika) kiunoni au njia yoyote ya kulikaza chini haliwi blauzi. Kwa nguo za vitanzi kuna sharti la tatu: zikiwa na wastani wa chini ya vitanzi 10 kwa kila sentimita katika kila upande, vikihesabiwa kwenye eneo la angalau sentimita 10 kwa 10, nazo hutoka.

Masharti ya mifuko na ya kukaza yalikuwa yakijulikana kwenye Sura ya 61 kwa muda mrefu. Toleo lililoanza tarehe 1 Januari 2022 ndilo lililoyaweka pia kwenye Sura ya 62, na hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa blauzi za pamba za kitambaa cha shati walipojikuta wamehamishwa bila kuhama.

Alikuja kwangu dada mmoja aliyekuwa akiagiza mtindo ule ule kila msimu. Blauzi nyepesi ya pamba tupu, mikono mifupi, na pindo la chini limepitishwa uzi wa kukaza unaotokeza pembeni na kufungwa upinde. Karatasi zake zote zilikuwa safi. Ankara ilisema 6206.30, kama siku zote. Nikamwomba nguo moja. Nikaitandaza mezani na kuvuta uzi ule, pindo likajikunja kama mdomo wa kifuko.

"Dada yangu," nikamwambia, "hii haikai tena kwenye blauzi. Sasa ni 6211.42, mavazi mengine ya kike ya pamba."

"Lakini zilipita hizi hizi. Kitambaa kile kile, fundi yule yule."

"Zilipita kwa sheria ya wakati ule. Maandishi yamebadilika, nguo yako haijabadilika."

Alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mteja: uzi ule ukiondolewa je? Nikamjibu kwamba kama nguo haina uzi na haina njia ya uzi, yaani pindo halina handaki la kuupitisha, hakuna mfuko chini ya kiuno, na imebaki huru kiunoni, basi ni blauzi. Mzigo uliokuwa njiani tukautamka 6211.42 jinsi ulivyokuwa. Oda iliyofuata aliamua mwenyewe kwa kulinganisha viwango viwili vya nchi aliyokuwa akiingizia na kwa kuwauliza wateja wake kama wanaujali ule uzi.

Naisimulia hii kwa sababu wapo wanaodhani kubuni nguo ukiangalia ushuru ni udanganyifu. Si udanganyifu, mradi nguo inayofika bandarini ni ile uliyoitamka. Wapo wabunifu wanaoongeza mfuko mdogo chini ya kiuno kwa sababu hiyo hiyo, na ni halali yao. Haramu ni kuandika jina la nguo usiyoileta, au kupenyeza uzi wa kukaza kwa ajili ya ukaguzi na kuuchomoa ghalani.

Kuhesabu vitanzi nako kunastahili kuelezwa, maana watu hukukwepa. Unalaza nguo bila kuivuta, sehemu isiyo na mshono wala nakshi ya kudarizi. Unapima mraba wa sentimita 10 kwa 10 na kutia alama za chaki. Unahesabu safu za wima kwa upana mzima, kisha mistari ya ulalo kwa urefu mzima, kila hesabu unaigawa kwa 10. Unarudia sehemu nyingine ya nguo. Kwa fulana nyepesi hutahitaji, vitanzi ni vingi mno. Kwa sweta la uzi mnene pia hutahitaji. Taabu iko kwenye zile topu za katikati, za uzi wa pamba wa wastani, ambazo muuzaji anaziita blauzi na ofisa anaziita sweta. Vitanzi vikipungua, zinakwenda 6110, na sweta za pamba, kwenye 6110.20. Watu wawili waliohesabu kwa utaratibu ule ule hupata jibu moja. Waliokisia kwa macho hubishana mpaka jioni.

Fulana nazo zina mipaka. 6109 ni ya fulana na vesti za kitambaa cha vitanzi. Vitabu vya ufafanuzi vya Shirika la Forodha Duniani vinaieleza fulana kuwa nyepesi, bila kola, bila vifungo, bila uwazi shingoni, na yenye pambo lisilo la lesi. Ukitia uzi wa kukaza au ribu chini, imetoka. Ukitia kola na vifungo vitatu, imetoka pia. Jambo moja la kufariji ni kwamba 6109 na 6110 hazitenganishi wanaume na wanawake katika tarakimu zile 6 za pamoja, kwa hiyo fulana za jinsia zote hazina mgogoro katika ngazi hiyo.

Mahali pengine jinsia ina maana, na kanuni yake ni ya kimaumbile kabisa. Vazi linalofungwa mbele, upande wa kushoto ukilala juu ya wa kulia, ni la kiume. Wa kulia ukilala juu ya wa kushoto, ni la kike. Ukataji wa nguo ukionyesha wazi jinsia nyingine, ukataji ndio unaofuatwa. Na vazi lisilojulikana ni la nani huwekwa na ya kike. Nguo za watoto wachanga, wale wenye urefu wa mwili usiozidi sentimita 86, zina vifungu vyao, yaani misimbo yao ya tarakimu 4, 6111 na 6209, na hivyo hutangulia vingi.

Kwa nini ugomvi wote huu? Kwa sababu tofauti ya kifungu ni tofauti ya fedha. Katika jedwali la Marekani kiwango cha msingi cha blauzi ya kike ya pamba ya vitanzi ni asilimia 19.7, sweta la pamba la kawaida 16.5, na gauni la pamba la vitanzi 11.5, kabla ya nyongeza nyingine zozote. Vazi refu kidogo la pamba linaweza kuingia kwenye jina la kwanza au la tatu kulingana na linapoishia mguuni. Umoja wa Ulaya nguo nyingi zina kiwango cha kawaida cha asilimia 12, na huko watu hudhani msimbo hauna kazi, mpaka wanapotaka nafuu ya mkataba wa biashara na kukuta kanuni za asili ya bidhaa zimeandikwa kwa misimbo hiyo hiyo.

Juu ya urefu huo wa gauni na blauzi, Mfumo hautaji sentimita. Hapa ni uamuzi wa busara, na nimekuta maofisa makini huuliza kama vazi linaweza kuvaliwa peke yake: linafika wapi, mipasuo ya pembeni inapanda hadi wapi, kitambaa kinaonyesha mwili au hakionyeshi. Mimi huambatisha picha ya nguo ikiwa imevaliwa, mbele na ubavuni, pamoja na vipimo vya urefu kutoka begani kwa kila saizi. Picha iliyotandazwa mezani haisemi lolote juu ya urefu.

Gauni la vitambaa viwili ni somo peke yake. Nilipewa moja lenye kifua cha kitambaa cha fulana, pamba tupu, na sketi pana iliyounganishwa ya polista ya mtande na mshindio. Kifua ni Sura ya 61, sketi ni Sura ya 62, na vazi ni moja. Kanuni ya 3 ya ufafanuzi inasema tafuta sehemu inayolipa vazi sifa yake kuu. Nilipima eneo, uzito na thamani ya kila sehemu. Kitambaa cha sketi kilikuwa kingi zaidi na kizito zaidi, kifua kilikuwa ndicho kinachoshika umbo. Pale ambapo kweli huwezi kupata sifa kuu, kanuni hiyo hiyo inakupeleka kwenye kifungu kilicho mwisho kwa namba, yaani 6204. Na hapa kuna kitu kinachopitwa na wengi: ukishachagua sehemu inayoamua, aina ya nyuzi nayo hutazamwa kwenye sehemu hiyo peke yake. Pamba ya kifuani haikuhesabiwa tena. Gauni lililouzwa kwa sifa ya pamba liliingia kama la sintetiki, na nilikuwa na karatasi ya vipimo ya kumwonyesha yeyote aliyetaka kujua sababu.

Seti huleta maumivu ya aina nyingine. Muuzaji huweka topu na sketi kwenye mfuko mmoja, bei moja, na mwagizaji hutegemea msimbo mmoja. Maelezo ya Sehemu ya 11 yanasema nguo za vifungu tofauti huainishwa kila moja peke yake hata zikiuzwa kama seti. Zipo zinazokubalika pamoja kwa kuwa kifungu chenyewe kinazitaja: pajama, suti, na seti za vipande vya kitambaa kimoja. Hizo za mwisho zina masharti magumu: vipande vyote viwe na ufumaji, mtindo, rangi na mchanganyiko ule ule wa nyuzi, na saizi zinazolingana. Topu ya maua na sketi ya rangi moja iliyochukuliwa kutoka kwenye maua hayo si seti, hata ipendeze vipi. Shida inayofuata ni thamani. Unahitaji bei ya topu na bei ya sketi, na ankara ina bei moja tu. Kumwomba muuzaji mgawanyo mzigo ukiwa umekwisha kufika ni kumwomba mtu aliyekwisha kulipwa. Omba bei na uzito wa kila kipande wakati wa kuweka oda, viandikwe kwenye ankara mistari miwili.

Nguo za kulalia nitazigusa tu. Shimizi na magauni ya kulalia ya pamba yana vifungu vyao, 6108 na 6208, na ugomvi ni kama vazi ni la chumbani kweli au ni la kutokea. Ukataji, unene wa kitambaa na namna linavyotangazwa ndivyo ushahidi. Hifadhi tangazo la muuzaji la siku ya oda.

Mitumba ina masharti mawili, na yote lazima yatimie: nguo zionyeshe wazi kuwa zimevaliwa, na zije kwa wingi au kwenye marobota, magunia au vifungashio vya namna hiyo. Nguo mpya zilizobaki msimu uliopita, hata zikifungwa robota, si 6309. Nguo zilizovaliwa lakini zimetundikwa kwenye hanga na kufungwa moja moja nazo zina mashaka. Nimewaona watu wakijaribu njia zote mbili.

Kwa yeyote mwenye mtindo atakaouagiza tena na tena, uamuzi wa awali ndiyo kinga bora ninayoijua. Makubaliano ya Uwezeshaji Biashara ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyoanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, yanazitaka nchi wanachama kutoa uamuzi wa maandishi juu ya uainishaji kabla bidhaa haijaingia, kwa mwombaji aliyetoa taarifa zote muhimu. Ombi langu hubeba nguo yenyewe, picha za kuvaliwa, karatasi ya maabara ya nyuzi, hesabu ya vitanzi pale inapohusika, vipimo vya saizi ya kati, na hoja yangu kwa mpangilio wa kanuni, nikitaja pia kifungu ninachokikataa na kwa nini. Naamini kutaja kile unachokikataa ndiko kunakofanya ombi liheshimiwe. Ofisa anaona kwamba umefikiri alichotaka kukuuliza.

Toleo linalofuata la Mfumo litaanza kutumika tarehe 1 Januari 2028. Wateja wangu wenye mitindo ya kudumu nimekwisha kuwaomba wanitumie nguo moja ya kila mtindo katikati ya 2027, pamoja na nakala ya uamuzi wowote walionao, ili tupitie kila kifungu na maandishi mapya kabla ya oda yao ya kwanza ya 2028.